Kichocho: Tunamlaumu Aliyeingia Majini, Hatumuulizi Alifuata Nini

Saa tano asubuhi kwenye mwalo mmoja wa wavuvi katika Ghuba ya Mwanza, Ziwa Victoria, jua limeshapanda na mawe ya ufukweni yameanza kuchoma nyayo. Mama mmoja amesimama majini, maji yamemfika magotini, khanga kaikunja kiunoni, anafua. Pembeni yake binti wa miaka kama tisa anasugua sufuria kwa mchanga. Mdogo wake wa kiume, uchi kabisa, anapiga maji kwa viganja na kucheka. Hatua chache kutoka hapo yameota matete, na ukiinama ukageuza jani lililooza utaona konokono wadogo, bapa, rangi ya kahawia, hawazidi ukucha wa kidole cha mwisho.

Nilimwamkia, akaitikia, nikamuuliza kama amewahi kusikia habari za kichocho. Hakuacha kufua. "Mwanangu, kila wakija wanatuambia tusiingie ziwani. Sawa. Hizi nguo nikazifulie wapi?"

Sikuwa na jibu, na nimekuwa nikilibeba swali hilo tangu siku ile.

Kila utafiti wa kichocho una orodha yake ya vihatarishi, yaani mambo yanayomweka mtu hatarini kuambukizwa, na orodha hizo zinafanana kama watoto wa tumbo moja: umri wa kwenda shule, uvuvi, kilimo cha mpunga, kuishi karibu na maji, kukosa choo, kuoga na kufua ziwani. Sina ugomvi na orodha. Ni ya kweli. Ugomvi wangu ni namna tunavyoisoma. Ikitoka kwenye jedwali la mtafiti ikafika kwenye bango la zahanati, inakuwa orodha ya makosa. Epuka kuoga ziwani. Acha kujisaidia ovyo. Usiruhusu watoto kuogelea. Mgonjwa anaondoka pale akijiona mkosaji, na aliyebandika bango anaondoka akiamini ametimiza wajibu. Mimi nasema karibu kila kitu kwenye orodha ile kinapima jambo moja: nani analazimika kugusa maji yale, kwa muda gani, na saa ngapi. Na mtu aliyelazimika humsaidii kwa kumkaripia.

Inabidi nimfuate mdudu mwenyewe kidogo ili nieleweke. Mayai ya kichocho hutoka na mkojo au kinyesi cha mtu. Yakifika kwenye maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, yanapasuka, na kila yai linatoa kidudu kinachoogelea kumtafuta konokono. Kisipompata ndani ya siku moja hivi, kinakufa. Kikimpata, kinajigawa ndani yake kwa wiki kadhaa, hata kidudu kimoja kikazaa maelfu ya vijidudu vyenye mkia uliopasuka ncha. Hivyo ndivyo vinavyokuja kumtafuta binadamu. Havihitaji jeraha wala havihitaji unywe maji. Vinapenya ngozi nzima kwa dakika chache, na visipopata ngozi vinakufa ndani ya siku moja au mbili.

Yapo mambo mawili hapa ambayo bango la zahanati halisemi. La kwanza, mnyoo wa kichocho hauongezeki ndani ya mwili wa mtu. Kimelea cha malaria kikishaingia kinazaliana humo humo mpaka damu inajaa. Mnyoo wa kichocho hauwezi hilo. Jike na dume wakishakutana wanataga mayai tu, na mayai hayo hayawezi kuwa minyoo mpaka yapite kwa konokono. Kwa hiyo kila mnyoo ulio kwenye mishipa ya yule mama uliingia wenyewe kupitia ngozi yake, siku fulani, akiwa anafanya kazi fulani. Ungeweza kuuhesabu mzigo wake wa minyoo kama unavyohesabu saa za kazi.

La pili ni hizo saa zenyewe. Konokono hawa wanavitoa vijidudu kwa kufuata mwanga wa jua. Alfajiri ni vichache. Vinazidi jua likipanda, na wingi wake mkubwa ni kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Sasa ipange siku ya mwanamke wa kijiji cha ziwani. Alfajiri yuko shambani, maana jua likiwaka jembe halishikiki. Anarudi saa nne, vyombo vya jana vinamsubiri, na nguo lazima zifuliwe mapema zipate jua la kukaukia. Anaingia majini saa tano. Watoto nao wanaingia pale joto linapozidi, kwani nani ataogelea alfajiri na ule upepo wa ziwa? Hakuna aliyepanga familia hii na konokono wakutane saa ile ile. Imepangwa na jua, na jembe, na bomba ambalo halipo.

Mjerumani Theodor Bilharz aliuona mnyoo huu mara ya kwanza mwaka 1851, akipasua maiti jijini Cairo. Ilichukua zaidi ya miaka 60 kumfikia konokono: Wajapani Miyairi na Suzuki walimkamata wa kwao mwaka 1913, na Robert Leiper akathibitisha wa Misri mwaka 1915. Tangu hapo tunajua njia nzima, kutoka kwenye yai mpaka kwenye mshipa. Imepita zaidi ya karne, na Tanzania bado inatajwa kuwa ya pili Afrika kwa mzigo wa kichocho, nyuma ya Nigeria. Kwa hiyo sidhani kwamba tatizo letu ni elimu. Binti yule wa miaka tisa aliweza kunionyesha konokono wako upande gani wa matete.

Kichocho chetu ni cha aina mbili, na ni vizuri kuzitenganisha. Kile cha ziwani, Mwanza, Mara, Kagera, Kisumu na upande wa Uganda, ni cha tumbo. Kinakaa kwenye mishipa ya utumbo, mayai yanabebwa mpaka kwenye ini, na baada ya miaka mingi ini linakakamaa, bandama inavimba, mishipa ya koo la chakula inajaa kama kamba mpaka inapasuka. Hospitali kubwa za Kanda ya Ziwa zinawajua wagonjwa hawa: mvuvi wa miaka 35 au 40 anayeletwa akitapika damu beseni zima. Kile cha Unguja na Pemba, na cha malambo na mabwawa ya ndani kama Shinyanga, ni cha mkojo. Hicho kinaharibu kibofu, na tangu mwaka 1994 kimewekwa rasmi kwenye kundi la visababishi vya saratani, ile ya kibofu. Mkojo wa mtoto wa kiume ukiwa mwekundu, zipo jamii zinazosema kijana anakua, na kwa kuwa wenzake wote wanakojoa vilevile, anaamini.

Tuje kwenye kazi, maana hapo ndipo neno "kihatarishi" linaniudhi zaidi. Mvuvi wa kokoro anavuta nyavu kutoka ufukweni, mwili nusu majini, kwenye maji yale yale ya kina kifupi wanakokaa konokono. Mpandikizaji wa mpunga kule Mwea, Kirinyaga, anashinda ameinama kwenye jaruba siku nzima. Mchota mchanga na muosha magari wa Kisumu wanaingia ziwani kila siku kwa sababu mteja yuko pale. Hawa waosha magari wana habari ambayo kila mpangaji wa afya angepaswa kuijua. Watafiti waliwafuatilia kwa miaka, wakiwapa dawa kila walipoambukizwa tena, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba baadhi yao, baada ya kutibiwa mara nyingi, walianza kukawia kuambukizwa ingawa hawakuacha kazi. Minyoo inapokufa kwa dawa, mwili unapata nafasi ya kuitambua na kujifunza kupambana nayo. Wanaume wale hawakubadili tabia hata kidogo, wala isingewezekana. Waliendelea kuosha magari. Kilichobadilika ni kwamba kulikuwa na mtu wa kuwapima na kuwatibu bila kuchoka, pale pale wanapofanyia kazi.

Linganisha na utaratibu tuliouzoea. Dawa za kingatiba, zile zinazogawiwa watu bila kusubiri waumwe, kwa miaka mingi zimepita shuleni: mwalimu anasimamisha mtoto kwenye kijiti cha kupimia urefu, anasoma idadi ya vidonge, mtoto anameza. Dawa yenyewe, prazikwanteli, ni nzuri, ya dozi moja, na kampuni ya Merck imeahidi kuitoa bure kupitia Shirika la Afya Duniani hadi vidonge milioni 250 kwa mwaka. Ninaishukuru. Lakini mvuvi hayuko shuleni. Mama anayefua hayuko shuleni. Mtoto aliyeachishwa masomo akachunge ng'ombe, anayewanywesha lamboni na kuoga humo humo, naye hayuko shuleni. Na yule wa miaka mitatu anayeogeshwa kwenye beseni kwa maji yaliyotekwa ziwani saa tano hiyo hiyo, ambaye hajaogelea hata siku moja, kwa miaka mingi alihesabiwa kuwa mdogo mno, na vidonge vyenyewe ni vikubwa na vichungu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 sasa unataka jamii nzima itibiwe kuanzia miaka 2, watu wazima wakiwemo, na wajawazito waliopita miezi mitatu ya mwanzo. Kidonge cha watoto wadogo kinachoyeyushwa kwenye maji kilipata kibali cha wataalamu wa Ulaya mwishoni mwa 2023. Mwongozo umefika, kinachosubiriwa ni kidonge kufika mwaloni.

Sijasema kichocho kinawafanyia nini wanawake, na hapa naomba uvumilivu wa msomaji kwa sababu ni jambo la nyumbani kwetu.

Shangazi yangu alikulia pembeni ya lambo mkoani Shinyanga. Utoto wake wote aliteka maji pale, akaoga pale, akafulia wadogo zake pale. Alipoolewa alianza kuumwa chini ya kitovu, na damu ikimtoka bila mpangilio, hasa baada ya kukutana na mumewe. Alikwenda kwenye kituo kimoja cha afya, akapewa dawa za magonjwa ya zinaa na kuambiwa amlete mwenzake. Mwenzake akaja, akapimwa, hana kitu. Akarudi tena, akapewa tena. Unaweza kukisia kilichofuata katika nyumba ambayo mke anatibiwa zinaa kila baada ya miezi michache na mume hana ugonjwa. Ndoa ile haikufika miaka sita, na mtoto hakupatikana.

Alikuwa na miaka zaidi ya 40 alipokutana na muuguzi, mahali pengine kabisa, ambaye kabla ya kushika kalamu alimuuliza: "Shangazi, ulikulia wapi?" Akajibu. Muuguzi akamwita daktari, daktari akaangalia mlango wa kizazi, akaona madoa ya njano yenye punje punje kama mchanga. Yalikuwa mayai ya kichocho yaliyokwama humo tangu utotoni. Karibu nusu ya mayai yanayotagwa hayatoki nje ya mwili. Yanabaki kwenye nyama na kuiunguza taratibu. Vidonge viliua minyoo iliyobaki. Makovu hayakuondoka.

Wataalamu wanakadiria kwamba wanawake na wasichana milioni 56 kusini mwa Sahara wana kichocho cha via vya uzazi. Wapo pia walioonyesha kuwa vidonda hivyo huenda vinarahisisha njia kwa virusi vya ukimwi. Hebu fikiria ni wangapi kati yao wameshaambiwa wamlete mwenzao. Kwenye jedwali la vihatarishi mwanamke huyu ameandikwa "jinsia: ke, hutumia maji ya lambo: ndiyo." Jedwali halina mahali pa kuandika kwamba aliteka maji yale kwa ajili ya nyumba nzima, wakiwemo waliomtuhumu.

Kuna anayeweza kuniuliza: kwani tabia haina nafasi kabisa? Inayo, ila ardhi ina nafasi kubwa kuliko tunavyokubali. Unguja ni kisiwa kimoja, watu wale wale, mkojo wa watoto ule ule. Kaskazini na katikati kuna kichocho. Kusini maambukizi hayashiki. Tofauti ni konokono: wa kaskazini anakilea kimelea, jamaa yake wa kusini anakikataa. Hakuna mzazi wa Makunduchi aliyewalea wanawe kwa usafi zaidi ya mzazi wa Nungwi kwa sababu hiyo. Au twende Senegal, ambako bwawa la Diama lilikamilika mwaka 1986 kuzuia maji ya chumvi yasipande mtoni. Konokono wa maji baridi walishamiri, kambamwitu wanaowala walikatiwa njia ya kwenda kuzaa kwenye chumvi, na ilipofika 1988 kichocho cha tumbo kikaibuka katika mji wa Richard Toll, kisha kikalipuka. Wakazi walikuwa wakioga mtoni kama walivyooga babu zao. Ziwa Nyasa upande wa Malawi nako, wavuvi walipowamaliza samaki wanaokula konokono karibu na ufukwe, ugonjwa ulipanda kwenye fukwe ambazo wageni walikuwa wakiambiwa ni salama.

Hata Ulaya. Mwaka 2014 watalii waliokuwa wameogelea mto Cavu, kisiwani Corsica, Ufaransa, waligundulika na kichocho cha mkojo chenye chimbuko la Afrika Magharibi. Konokono wa kukipokea alikuwepo tayari. Ilitosha mtu mmoja mwenye mayai kukojoa mtoni. Serikali ilipiga marufuku kuogelea pale kwa msimu. Mtalii akaenda kuogelea kwingine. Hiyo ndiyo maana halisi ya neno "epuka", na ndiyo maana linashika Corsica na kuteleza Ukerewe.

Siwezi kuandika haya nikaruka ushahidi unaoonekana kunipinga. Unguja na Pemba, kati ya 2012 na 2017, mradi mkubwa ulizigawa shehia katika makundi matatu: wengine walipewa dawa tu, wengine dawa pamoja na kuuawa konokono, wengine dawa pamoja na elimu, mikojoleo na mahali pa kufulia nje ya kijito. Maambukizi yalishuka sana kote, lakini makundi hayakutofautiana vya kutosha. Wapo wanaousoma utafiti huo wakahitimisha kwamba sehemu za kufulia ni kupoteza fedha, tumeze vidonge yatosha. Mimi nasoma jambo jingine kwanza. Vidonge vya Zanzibar vilipelekwa majumbani, kwa watu wazima na watoto, mara mbili kwa mwaka. Hakuna kundi lililoachwa kuelea nje ya daftari la shule. Na kule Ziwa Victoria, upande wa Kenya na wa Tanzania, utafiti wa miaka ya kugawa dawa ulikuta vijiji ambavyo maambukizi yaligoma kushuka ingawa dawa zilifika. Dawa haiui minyoo michanga iliyoingia wiki chache zilizopita, wala haimzuii mtu asiambukizwe kesho yake. Anayemeza Jumatatu na kufua Jumanne anaanza kuhesabu upya. Kijito cha Unguja na Ziwa Victoria si maji ya kulinganisha.

Kwa hiyo nataka nini? Nataka kingatiba ifuate kazi. Ifike mwaloni alfajiri wavuvi wa dagaa wanaporudi na karabai zao, ifike kwenye majaruba wakati wa kupandikiza, na ije na uji, kwa sababu prazikwanteli kwenye tumbo tupu inaleta kichefuchefu na kizunguzungu, na mtoto mmoja akitapika mbele ya wenzake uvumi unatembea haraka kuliko gari la wizara. Morogoro mwaka 2008 ilifikia wazazi kuvamia shule. Nataka muuguzi yeyote wa Kanda ya Ziwa, Shinyanga na Visiwani afundishwe kuuliza "ulikulia wapi?" kabla ya kuandika zinaa. Nataka choo cha umma kwenye kila mwalo, kilichojengwa na mtu anayejua kwamba shimo la kawaida kwenye mchanga wa ziwani linajaa maji au linabomoka masika ya kwanza. Na ndiyo, ushauri wa maji pia utolewe, ila utolewe kwa heshima: maji ya kuogea yakitekwa na kuachwa ndooni siku mbili, vijidudu vinakufa vyenyewe. Anayetoa ushauri huo ahesabu kwanza familia ile ina ndoo ngapi.

Juu ya mwalo ule, mwendo wa dakika kumi kupanda, kipo kioski cha maji. Nilikwenda kukiona, kina koki mbili na kofuli moja. Niliporudi chini yule mama alikuwa anakamua shuka ya mwisho, binti ameshika upande mmoja, yeye upande mwingine. Dodoso za watafiti huwa zina swali: je, huwa unafua ziwani, ndiyo au hapana? Nikamuuliza langu: wiki iliyopita kile kioski kilitoa maji siku ngapi?

Alifikiri kidogo. "Mbili," akasema. "Jumatano na Alhamisi. Zote nilikuwa shambani."